Soksi za Mikono za Atukuzwe

Mwanamke mmoja wa nyanda za juu, huko ambako kipupwe huacha jalidi nyeupe juu ya majani ya viazi kila alfajiri, alikuwa na watoto wawili wadogo, mume mmoja, mama mkwe mmoja, na mikono miwili. Hiyo mikono haikumtosha hata siku moja. Jina lake lilikuwa Tusajigwe, lakini tangu alipojifungua binti yake wa kwanza watu walimwita Mama Atukuzwe, naye aliitikia jina hilo kwa siku moja mara nyingi kuliko kengele ya kanisa inavyopigwa kwa mwaka. Aliitwa na mtoto, aliitwa na mgonjwa wa jirani, aliitwa na kwaya, aliitwa na mbuzi. Nasema mbuzi kwa sababu mbuzi wa nyumba ile naye alikuwa amejifunza kulia kwa namna ambayo ni lazima yeye, wala si mtu mwingine, aache alichoshika aende.

Mwezi wa Mei ulipokuwa unaelekea kwisha, mwalimu wa chekechea alimwandikia kikaratasi. Atukuzwe, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa amepasuka vidole kwa baridi, na kila aliposhika chaki alilia. Jalidi ikianguka naye hana cha kufunika mikono, aliandika mwalimu, ni afadhali abaki nyumbani mpaka Agosti. Sasa mtoto huyo alikuwa amejifunza herufi ya kwanza ya jina lake majuma mawili tu yaliyopita, na alikuwa ameiandika kwa mkaa kwenye ukuta, kwenye mlango, na kwenye mbuzi. Kumwambia abaki nyumbani na herufi moja mpaka Agosti ilikuwa ni kumwambia mwenye njaa asimame mlangoni anuse.

Mama alikisoma kikaratasi mara mbili, akaenda kuitazama mikono ya binti yake. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, mikono ameilalia. Mama hakutaka kumwamsha. Akasema moyoni mwake kwamba mkono wa mtoto wake anaujua. Kisha akavua sweta lake jekundu, ambalo ndilo pekee alilokuwa nalo, akalifumua lote na kuviringa uzi wake ukawa donge kubwa kama kabichi. Tangu siku hiyo alitembea na kanga mbili mabegani, akimwambia kila aliyemuuliza kwamba baridi ya mwaka huu si kali, huku meno yake yakimpinga.

Akaazimia kufuma soksi za mikono. Ndivyo watu wa kule wanavyoviita vile vifuko vya sufu vinavyovikwa kiganjani, vyenye nyumba moja ya vidole vinne na kibanda cha pembeni cha kidole gumba. Jozi moja ingekuwa ya Atukuzwe, na jozi ya pili ya mdogo wake Lusekelo, aliyekuwa na miaka miwili na aliyeamini kwamba kila kitu duniani kiliumbwa ili kitafunwe.

Nyumba ile ilikuwa na sheria iliyoachwa na marehemu babu yao, kama nyumba nyingine zinavyoachiwa shamba: hapana mtu akaaye motoni mikono mitupu. Aliyeketi jikoni kuota moto sharti ashike kazi yoyote iliyo karibu naye, achambue maharage, amenye viazi, asokote kamba. Hata mchungaji alipokuja kuwafariji kwa msiba wa babu huyohuyo alipewa ungo wa maharage kabla hajafungua Biblia, akayachambua yote, na wanaokumbuka wanasema mahubiri yake siku ile yalikuwa mafupi na mazuri kupita kawaida yake. Na sheria ya pili ilifanana na hiyo: kazi ya mkubwa haifumuliwi. Mkubwa akishafanya jambo, mdogo huongeza, hapunguzi. Sheria zote mbili zilikuwa njema, na nyumba ile ilisifiwa kijiji kizima kwa sababu yake.

Basi kapu la kufumia likawekwa kando ya mafiga. Mama Atukuzwe alifuma mistari mitatu, akaitwa. Akarudi, akafuma mmoja, akaitwa. Ilifika siku akashika sindano na kusema "naam" kabla mtu hajamwita. Hata hivyo, baada ya majuma mawili alikuwa na vipande vinne bapa, vya upana aliouona unafaa kwa kuukumbuka tu mkono wa binti yake. Kilichosalia kilikuwa kuvikunja, kuvishona ubavu na ncha, na kuvitia vidole gumba. Akasema, nikipata saa moja ya utulivu nitamwita mtoto nimpime. Lakini ilikuwa ni majira ya vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa mvua zikishakatika, na saa ya utulivu haikupita njia ile.

Siku moja aliketi motoni Bibi Sekelaga, mama mkwe wake. Macho ya bibi huyu yalikuwa yamepungua, lakini maoni yake yalikuwa yameongezeka. Alivipapasa vile vipande, akavikunja, akavishona ubavu na ncha kwa mishono mikubwa ya zamani. Kisha akafuma vidole gumba vinne, akavitia vyote upande wa kushoto.

"Wasichana wa leo," akamwambia mbuzi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine jikoni, "huanza kazi ili bibi aimalize."

Siku ya pili aliketi Kezia, wifi wa Mama Atukuzwe, aliyekuja kusalimia kwa siku tatu na wakati huo alikuwa katika juma lake la tatu. Kezia alikuwa amesoma ufundi wa kushona, akahitimu akiwa na majibu mengi kuliko maswali ya watu. Mara moja aliona kwamba vile vidole gumba vimekaa juu mno, tena upande usiofaa. Mkono ulimwasha kuvifumua. Lakini kazi ya mkubwa haifumuliwi, na mkubwa mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake akisokota kamba. Basi hakupunguza, aliongeza. Akafuma vidole gumba vingine vinne, vizuri kwa kweli, akavitia upande wa kulia.

"Mama, nimepamba kidogo," akasema.

"Pamba tu, mwanangu," Bibi Sekelaga akamjibu. "Msingi upo."

Jioni Mama Atukuzwe alichungulia kapuni, akaona kila soksi ina vidole gumba viwili. Akamtazama mama mkwe, akamtazama wifi. Mwanamke mwenye busara anayeishi katikati ya wawili hao huona mengi na kusema machache. Akawashukuru kwa kumpunguzia kazi, na kuazimia moyoni kwamba kesho, watakapokwenda kwenye ibada ya akina mama, atajifungia afumue kidole kimoja kimoja. Kesho yake aliitwa kumwogesha yule mgonjwa wa jirani.

Siku ya tatu aliketi mume wake, Obedi. Huyu alikuwa mfungaji wa magunia ya viazi, mtu wa kusifika. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akishona midomo ya magunia, na hapakuwa na gunia lake hata moja lililowahi kufunguka safarini, ijapokuwa barabara ya milimani kule ni mbaya kiasi cha kufungua vinywa vya mabubu. Mikono yake ilikuwa imekariri elimu moja tu: kitu kilichoshonwa chini na ubavuni, kikabaki wazi mdomoni, hakijamalizika. Jioni ile alikuwa akiongea na mgeni habari za mvua, na kwa kutii sheria ya nyumba akanyoosha mkono kapuni. Akapapasa soksi. Ubavu umeshonwa. Ncha imeshonwa. Mdomo uko wazi. Bila kukatiza mazungumzo akatoa mfukoni shazia, ile sindano nene ya magunia, akatia uzi wa katani, akaifunga midomo yote minne na kuikaza kwa fundo lake mashuhuri. Halafu, kwa mazoea, akaipiga kila soksi kofi moja, kama apigavyo gunia lililo tayari kupandishwa garini, akazipanga kapuni na kuzifunika kwa kitambaa safi.

"Mama Atukuzwe," akamwambia mkewe alipoingia amembeba Lusekelo aliyetoka kuoga, "leo usishike sindano. Nimezimaliza."

Mwanamke yule alikaribia kulia. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka katika kinywa kile, isipokuwa kwa habari ya nyama. Hakufunua kapu. Aliona kuwa si adabu kuikagua zawadi mbele ya aliyeitoa.

Jumatatu iliyofuata jalidi ya kwanza ilianguka. Bonde lote lilikuwa jeupe, na maji ya ndooni yalikuwa yamevaa ngozi ya barafu. Watu wote wa nyumba ile wakakusanyika sebuleni kushuhudia, kwa maana kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika kazi. Obedi akaongoza sala. Akamshukuru Mungu kwa mikono mingi ya nyumba ile, mkono kwa mkono, akianzia na ya yule marehemu babu na kushuka ukoo kwa utaratibu, na muda wote huo Atukuzwe alisimama amekumbatia mkoba wa shule, viganja vyake amevificha kwapani. Ndipo kitambaa kikafunuliwa.

Vilikuwa vitu vinne vyekundu, vimefungwa pande zote, kila kimoja kikiwa na masikio mawili. Vilifanana na vichwa vya ndama. Atukuzwe akapokea cha kwanza kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Akakigeuza. Akakitazama chini, akakitazama juu, akakizungusha taratibu mara ya pili, labda mara ya kwanza hakuona vizuri. Kisha akainua uso, pasipo lawama yoyote, akauliza:

"Mama, mkono naingizia wapi?"

Hapo zikaanza hoja. Bibi Sekelaga akasema ncha ile ameishona yeye na wote waje waivute waone kama itaachia. Kezia akasema hataki kumvunjia mtu heshima, ila kidole gumba cha kulia ndicho chenye kipimo. Obedi akaishika soksi kwa mikono miwili, akauvuta mdomo kwa nguvu zake zote ili kuonyesha kwamba haufunguki, na kweli haukufunguka, naye akafurahi sana, mpaka alipouona uso wa mkewe. Kila mmoja wao alikuwa anasema kweli. Ncha ilikuwa imara, kidole kilikuwa kizuri, fundo lilikuwa la kuaminika. Lusekelo alikuwa amekwisha kuchukua soksi moja, ameitafuna sikio, sasa anaibembeleza ilale.

Wakati wanabishana, Mama Atukuzwe alisikia mlango ukigongwagongwa. Aligeuka, akamwona binti yake amevaa mkoba begani, anajaribu kuinua komeo kwa kiwiko. Vidole vyake havikuweza tena, na shule haingoji. Yule mtoto hakuwa akilia. Alikuwa anafanya kama mtu aliyekwisha kuelewa kwamba mambo ya wakubwa ni marefu.

Mama akaketi palepale kizingitini. Nje mbuzi aliita, hakuitika. Ndani Obedi aliita, hakuitika. Akampakata mtoto, akamwomba mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza kuushika na kuutazama tangu alipolifumua sweta. Haukuwa mkono ule alioukumbuka. Ulikuwa umevimba kwenye viungo, una nyufa katikati ya vidole, na kidole cha shahada, ambacho ndicho cha kushikia chaki, hakikukunjika vizuri. Akaomba kisu. Akakata uzi wa katani wa mumewe, naye Obedi akageuza uso kama mtu anayemwona rafiki akizikwa. Akafika kwenye vidole gumba, akasita.

"Mama," akamwambia mama mkwe wake, "naomba ruhusa nipunguze."

Tangu sheria ile iwekwe, hapakuwa na mtu aliyewahi kuomba ruhusa hiyo, na kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejua kwamba hutolewa. Bibi Sekelaga akausogelea mkono wa mjukuu wake, akaupapasa kidole kwa kidole, akautazama kwa macho yake yale yaliyopungua, akavuta pumzi.

"Punguza," akasema. "Ila anza na vya Kezia."

Kezia akautazama ule mkono. Akaenda mwenyewe kuleta mkasi.

Kazi yote haikuchukua muda mrefu kuliko sufuria ya uji kuchemka. Mama aliweka sufu juu ya mkono, akapima, akalegeza palipovimba, akaacha mlango wazi pale kifundo cha mkono kinapoanzia. Zilipokwisha, soksi hazikuwa nzuri. Moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake, na nyingine ilikuwa na kidole gumba cha mshono wa kizamani kilichoelekea mahali pasipojulikana. Lakini mikono iliingia. Atukuzwe akaondoka mbio juu ya jalidi, amechelewa, ameinua mikono yote miwili hewani ili mwalimu aione kabla hajaulizwa. Soksi za Lusekelo hazikukatwa siku ile, kwa sababu mwenyewe hakukubali yule mtoto wake mwekundu afanyiwe upasuaji.

Nanyi mnaokesha na kuamka kwa ajili ya watu wa nyumbani mwenu, mkiwafumia mema mchana kutwa mpaka sindano zinawachoma, wala simkatazi mtu kufuma: katika hao wote, ni nani ambaye leo mmeketi kwanza mkamwomba mkono wake?