Majani ya Mama Igoki

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, yaani afanyaye mambo kwa papara huikosa faida ileile anayoikimbilia. Peninah wa Kibugu aliifahamu methali hiyo tangu shuleni, ila aliyoipenda ni nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Asubuhi moja akina mama walikusanyika kanisani, mwalimu Lenah awafundishe kutuliza maradhi madogo ya nyumbani. Peninah aliketi mlangoni, roho juu juu. Bintiye Igoki alikuwa na mafua mabaya, na kikapu cha chai aliyochuma kilikuwa nje kikinyauka. Mwalimu alipowaonyesha kubonyeza kando ya pua kwa ncha za vidole, polepole, wenzake walijaribu huku wakicheka. Yeye alijibonyeza mara moja tu, kisha akachungulia barabarani.

"Na pua ikiziba kabisa," mwalimu akaendelea, "chukua majani ya mkaratusi, uchemshe kwa sufuria..."

Lori la chai likanguruma. Peninah akainuka.

"Mama Igoki, unaenda wapi na hatujamaliza?"

"Nimeshaelewa, mwalimu. Gari ya majani hainingoji. Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Akachapuka mbio. Alipotoka kupima chai yake kituoni alivunja tawi la mkaratusi, akafika nyumbani akihema. Sasa, mtu wa Kibugu ukimwambia achemshe majani, unamwambia apike chai. Peninah alitia maziwa na sukari, akaacha ifure, akaijaza kikombe.

"Mama, inachoma!" Igoki alilia.

"Dawa haikosi uchungu. Kunywa, upumue."

Mtoto alikuwa amefika nusu ya kikombe Wanjira, jirani yao, alipoingia kumweleza yaliyobaki kule kanisani. Harufu ilimlaki mlangoni.

"Peninah! Umempea anywe? Ile ni ya kufukiza! Ni mvuke tu. Mwalimu amesema isiguse mdomo!"

Peninah alimgeukia bintiye. Igoki alikuwa ameshika tumbo, macho yamelegea, na mara akaanza kutapika. Mama mtu alimbeba mgongoni akateremka naye hadi zahanati, akilia njia nzima bila kujali nani anamwona.

Muuguzi alimpokea mtoto. Peninah akataka kumfuata ndani, akazuiwa.

"Atapona?"

"Tunamwangalia. Wewe ngoja hapo."

Akangoja. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa benchi hadi mwingine, naye hakuinuka hata kunywa maji. Hatimaye aliitwa. Igoki alikuwa hai, mnyonge, na pua zake zingali zimeziba vilevile.

"Mama," alinong'ona, "tumbo linaniuma."

Peninah aliinamisha kichwa. Matumbo yaliumia kweli, lakini si kwa kungoja. Ama kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.