Mnada wa Kibaba cha Mtama

Hadithi, hadithi!

Njoo, tumeketi!

Ije na nini?

Ije na utamu na uchungu!

Basi tulieni. Wewe kule nyuma, acha kutafuna, haya ni mambo ya ibada.

Hapo kale wanyama walikuwa na nyumba yao ya ibada, na paa lake lilikuwa limeoza. Masika moja maji yalivuja ndani, to, to, to, yakamlowesha kifaranga pekee wa Mama Kanga katikati ya sala. Kifaranga akakohoa siku tatu. Siku ya nne Mama Kanga akamzika. Ilimuuma, jamani, ilimuuma sana.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Desturi yao ilikuwa hii: kila mmoja analeta alichovuna, na baada ya sala vitu vinanadiwa nje, fedha zikanunue nyasi za kuezekea. Mama Kanga alileta kibaba cha mtama. Ndio wote aliokuwa nao. Alipouweka madhabahuni moyo wake ukatulia, akasema polepole, "Ee Mungu, asilowe mtoto mwingine."

Lakini palikuwa na Mzee Kiboko. Huyo alikuwa na mfuko mnene wa shilingi, na ndiye aliyeshika kivuko cha mto, pale wote walipokunywa maji. Kila kitu kikinadiwa, yeye alitaja shilingi moja, basi. Nani apandishe? Aliyepandisha, kesho yake hakunywa maji. Hivyo kila mwaka vitu vyote vilikwenda kwake, na paa likazidi kuoza.

Mwaka ule dalali alikuwa Pimbi, kadogo hivi, lakini mdomo! Akauinua mtama juu.

"Kibaba cha Mama Kanga! Nani?"

"Hoo! Shilingi moja," akanguruma Kiboko.

Hakuna aliyethubutu kupandisha. Mama Kanga akainamisha kichwa. Shilingi moja hainunui hata mganda mmoja wa nyasi.

Chwa! Shilingi ikaanguka kapuni. Kiboko akanyoosha mdomo auchukue mtama, Pimbi akapaza sauti: "Jamani! Mzee wetu amelipa, na mtama wa mfiwa anaurudisha unadiwe tena! Makofi!"

Pa, pa, pa! Akina mama nao, lililililili!

Kiboko akafungua kinywa akatae. Lakini maisha yake yote hakuwahi kupigiwa vigelegele. Akakifunga.

"Kibaba cha Mama Kanga! Aliyetoa moja harudi chini. Nani kumi?"

Macho yote kwa Kiboko.

"Hoo! Kumi."

Chwa, chwa!

"Anaurudisha tena! Makofi!"

Pa, pa, pa! Lililililili!

"Nani hamsini?"

"Hoo... hamsini." Kisha Kiboko akanong'ona, "Wee Pimbi, mtama wangu uko wapi?"

"Uko hapa, mzee. Nikupe? Niwaambie wanyamaze?"

"Aa, aa. Ngoja kwanza."

"Anaurudisha tena! Makofi! Nani mia?"

Ikawa mia, ikawa mia mbili, mpaka mfuko ukalala chini, mtupu. Kiboko akautikisa. Hola.

"Mpeni mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Lakini Mama Kanga alikataa. "Nilishautoa, Pimbi. Siwezi kumnyang'anya Mungu." Akaumwaga pale uwanjani, vifaranga wa wenzake wakaja mbio wakadonoa, do, do, do. Aliwatazama akilia. Hakutamani kitu kingine chochote siku ile.

Nyasi zikanunuliwa, paa likaezekwa. Mvua ikaja na vishindo vyake, ndani halikudondoka hata tone. Ibadani Mzee Kiboko akashukuriwa kwa jina, maana fedha zilikuwa zake, tuseme kweli. Pimbi akaziba mdomo asicheke. Mama Kanga hakuwa na kicheko. Alisimama akampigia Kiboko vigelegele kwa moyo wake wote, na Kiboko, kwa mara ya kwanza, akaona haya.

Ngano yangu naitua hapo, anayeitaka aibebe.

Mnataka funzo? Haya. Watoto, kuweni wachoyo. Jazeni mifuko, msitoe hata senti. Bila mchoyo mmoja, lile paa tungeliezeka kwa fedha za nani?