Kimya cha Bi Mwanamkasi

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah. Mmeitikia kabla sijafunga mdomo. Rudini nyuma, tuanze upya. Paukwa!

...Pakawa!

Afadhali. Hapo zamani za kale, siku ambazo shule ilikuwa banda la makuti na kengele ilikuwa mdomo wa mwalimu, palikuwa na kijiji. Kijijini palikuwa na bibi mmoja akiitwa Bi Mwanamkasi. Asubuhi aliwafundisha watoto wadogo kuhesabu na kusalimia. Jioni aliwafundisha ngoma. Asubuhi alikuwa mtu mpole. Jioni, jamani, jioni mwacheni.

Maana ngoma yenyewe ilikuwa nyepesi kama maji. *Ti-ti-ndu. Ti-ti-ndu.* Halafu kimya.

Hapo kwenye kimya ndipo palipokuwa na kazi. Mila ya kijiji kile ilikuwa hivi: siku ya sikukuu ya mavuno, watoto wa shule hupiga ngoma yao mbele ya watu wote, na kila inapofika kwenye kimya, mtoto mmoja huimba jina lake. Kijiji kizima humwitikia, "Karibu!" Ngoma inaendelea, kimya kinarudi, mtoto mwingine anaimba. Mpaka waishe. Ndivyo kijiji kilivyowapokea watoto wake. Bi Mwanamkasi mwenyewe aliliimba jina lake kwenye kimya hicho alipokuwa hana meno ya mbele, na hakusahau jinsi "Karibu!" ilivyomgonga kifuani.

Sasa watoto wa mwaka ule. Ti-ti-ndu wanaijua. Ndu wanaijua sana. Kimya hawakijui kabisa.

"Ti-ti-ndu, ti-ti-ndu..." Bi Mwanamkasi anainua mkono. Kimya.

*Ndu!*

"Nani huyo?"

"Si mimi, Bibi."

"Ti-ti-ndu, ti-ti-ndu..." Kimya.

*Ndu! Ti! Ndundundu!*

"Siwema!"

"Mkono umeteleza, Bibi."

"Umeteleza ukapiga mara tatu?"

Siwema anacheka, wenzake wanacheka, Pandu anaanguka chali na chapuo lake, ngoma yake ndogo, tumboni, na kule nyuma Mize, mtoto mwenye sauti nyembamba kama uzi, ameshaimba jina lake na hakuna aliyelisikia. Bi Mwanamkasi anashika kiuno. Anatazama makuti ya paa kana kwamba kuna mtu juu atamsaidia. Kisha anasema lile neno lake ambalo watoto wote walilijua kwa moyo:

"Mikono mmekuja nayo. Masikio mmemwachia nani nyumbani?"

Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho. Ti-ti-ndu, kimya, *ndu!* Mikono mmekuja nayo, masikio mmemwachia nani nyumbani? Usiku bibi wa watu alilala, na ndani ya kichwa chake ikalia *ndu*.

Jioni moja Jumbe Kitwana, mkuu wa kijiji, akaja shuleni na fimbo yake. Pandu alikuwa mjukuu wake.

"Bi Mwanamkasi, hii ni ngoma au ni vita?"

"Ni ngoma, Jumbe. Haijaiva."

"Itaiva lini? Kuku wangu wamekataa kutaga. Jogoo anawika adhuhuri."

"Niachie watoto, Jumbe. Jogoo ongea naye wewe."

Jumbe hakucheka. Alipiga fimbo chini, *kong!* "Nakupa sharti. Siku ya sikukuu wapige. Ikitoka nzima, kila mtoto akaimba jina lake, basi. Ikivunjika, ngoma imekwisha shuleni. Mtama ujao ukianza kushika punje, jioni watoto wataenda shambani kuamia ndege. Makelele yao yatafaa huko."

Akaenda zake. Bi Mwanamkasi akabaki amesimama. Alimtazama Mize aliyekuwa anachora kwa kidole mchangani. Huyu, akawaza, jina lake nalo litaimbiwa kunguru?

Basi akakazana. Akabembeleza. Akafoka. Akawafunga watoto vitambaa mdomoni, wakapiga *ndu* kwa kicheko cha puani. Mpaka siku moja kabla ya sikukuu, kwa mara ya kwanza, wakapiga ti-ti-ndu, ti-ti-ndu, wakanyamaza. Wakanyamaza kweli! Ukasikia hata nzi. Bi Mwanamkasi alishtuka akasahau la kufanya. Alipokumbuka, Siwema alikuwa ameshapiga chafya.

"Si neno," akasema. "Kesho ipo."

Ikafika kesho. Watu wakavaa, wali ukanukia, na Bi Mwanamkasi akawasha moto wa makumbi ya nazi kiwanjani. Kila mtu wa kijiji kile alijua kwamba ngozi ya ngoma hulegea kwa umande, na haitoi sauti mpaka ioteshwe moto. Akayapanga machapuo ya watoto kuzunguka moto. Hakuyaweka karibu wala mbali. Aliyapima kwa kiganja chake, kila moja pahali pake, maana ngozi za mbuzi zile alikuwa amezinyoa manyoya na kuziwamba mwenyewe.

"Msiyaguse," akawaambia watu wote. "Naenda kuoga. Nikirudi tunaanza."

"Tumesikia, Bibi," watu wote wakajibu.

Walikuwa wamesikia nini?

Bibi hajafika hata kwenye mtungi, Mama Siwema akasogea. Akatazama huku, akatazama huku. Akawaza: chapuo la mwanangu likipata moto zaidi kidogo, litalia juu ya yote. Akalisukuma kwa mguu. Kidogo tu.

Akaja Vuai, mchimba visima, baba yake Mize. Mtu mkubwa, kifua kama mlango. Akawaza: mwanangu sauti hana, angalau ngoma yake isikike. Akakuta la Siwema limesogea. Loo! Akalisukuma la Mize likalipita. Kidogo tu.

Akaja mama wa huyu, akaja shangazi wa yule. Kidogo tu. Kidogo tu.

Akaja Jumbe Kitwana mwenyewe, fimbo kwapani, akikohoa kama mtu aliyepita tu njia. Akaona la Pandu limeachwa nyuma peke yake. Mjukuu wa Jumbe! Akaliinua kwa mikono miwili akaliweka mbele ya yote, moto ukalilamba.

Mama Siwema akarudi kuchungulia. Loo! Akasukuma tena. Vuai naye. Kidogo tu. Kidogo tu. Kidogo tu.

*Prrraa!*

Hilo la Pandu.

*Prrraa! Paa! Prrraa-paa!*

Hayo mengine. Na lile la mwisho kabisa, la Mize, likatoa sauti ndogo: *puu*.

Bi Mwanamkasi akaja mbio, maji yanamchuruzika shingoni. Akakuta duara la machapuo yaliyopasuka, na nyuma yake duara la watu wazima walioficha mikono mgongoni.

"Nani?"

Kimya. Kimya kizuri, kirefu, kimya alichokitafuta jioni zote zile asikipate! Bibi alitaka kulia.

"Mimi nilisogeza kidogo tu," akasema Mama Siwema.

"Hata mimi kidogo tu," akasema Vuai.

"Kidogo tu," akasema mama wa huyu.

"Kidogo tu," akasema shangazi wa yule.

"Mbona ninyi mna vidogo vingi hivyo?" akauliza Bi Mwanamkasi.

Jumbe Kitwana akapiga fimbo chini, *kong!* "Haya. Yaliyotokea yametokea. Ngoma hakuna, majina hayakuimbwa. Sharti ni sharti. Watoto wataenda shambani."

Mize akaanza kulia bila sauti. Ndipo Pandu akamvuta babu yake kanzu.

"Babu, langu uliliweka wewe. Nilikuona."

"Eeeeh!" watu wakaguna.

"Nilikuwa... nalikagua," akasema Jumbe.

Bi Mwanamkasi akashika kiuno. Akatazama juu, na safari hii hapakuwa hata na makuti. Jioni zote zile aliwagombeza watoto, kumbe watoto walikuwa wanafuata kwao tu! Kila mtu alitaka *ndu* yake iwe juu. Akashusha macho.

"Kaeni chini," akasema.

"Watoto, kaeni chini," akasema Mama Siwema.

"Watoto wasimame. Ninyi ndio mkae. Mnaosogeza. Aliyetoboa ngoma ya mtoto atakaa mahali pa ngoma."

Watu wakatazamana. Vuai akawa wa kwanza, akajishusha kama mtu anayeingia kisimani. Mama Siwema akafuata, akilalamika juu ya nguo yake mpya.

"Na mimi?" akasema Jumbe. "Jumbe mzima?"

"Ulipokuwa unasogeza ulikuwa Jumbe au ulikuwa babu?"

Jumbe akafikiri. "Babu."

"Basi babu akae."

Akakaa. Magoti yakalia *ko, ko*. Bi Mwanamkasi akawasimamisha watoto nyuma, kila mmoja nyuma ya wake.

"Watoto, hizi ndizo ngoma zenu. Mkigusa bega, ngoma iseme *ti*. Mkipiga bega, iseme *ndu*. Mkiondoa mkono, inyamaze. Haya."

*Ti-ti-ndu,* wakasema wazazi. *Ti-ti-ndu.* Watoto wakaondoa mikono.

"NDUUU!" akaendelea Jumbe Kitwana.

"Ti-ti!" akamalizia Mama Siwema.

"Mama!" akasema Siwema.

"Si mimi, ni Jumbe."

"Ulimi umeteleza," akasema Jumbe.

Tena. *Ti-ti-ndu. Ti-ti-ndu.* Kimya.

"NDU!"

Pandu akashika kiuno. Akatazama mbinguni. Akashusha pumzi yote aliyokuwa nayo, na sauti iliyotoka haikuwa ya Pandu, ilikuwa ya mtu mwingine kabisa:

"Babu! Mdomo umekuja nao. Masikio umemwachia nani nyumbani?"

Kijiji kikaangua kicheko. Mpishi akaacha sufuria. Bi Mwanamkasi peke yake hakucheka, alifunika uso kwa upande wa nguo yake, mabega yakimtikisika.

"Tena," akasema Pandu kwa ukali. "Na wewe Mama Siwema, usimsikilize Babu. Sikiliza mkono."

Tena. Wakaharibu. Tena. Watoto walifoka, walisihi, walipiga miguu chini. Siwema akamwambia mama yake, "Ukipiga chafya utaona!" Hakuna mtoto aliyekumbuka kuharibu. Wangeharibu saa ngapi? Walikuwa wamejaa hasira za kutaka itoke sawa.

Na ikatoka. *Ti-ti-ndu. Ti-ti-ndu.* Kimya.

"Ni Pandu mimi, nimekuja!"

"Karibu!" kikaitikia kijiji kizima, na Jumbe akajifuta pua.

*Ti-ti-ndu. Ti-ti-ndu.* Kimya.

"Ni Siwema mimi, nimekuja!"

"Karibu!"

Huyu akaimba, yule akaimba, mpaka akabaki mmoja. *Ti-ti-ndu. Ti-ti-ndu.* Mikono ikaondoka mabegani. Kimya.

Mize akafungua mdomo. Haikutoka kitu. Vuai, mtu mkubwa, akahisi mtoto wake anatetemeka nyuma ya mgongo wake. Alitaka kupaza sauti amsaidie, aseme, "Huyu ni Mize, ni wangu mimi!" Akavuta pumzi. Mkono mdogo ukatoka nyuma ukamziba mdomo.

Wakangoja. Moto wa makumbi ulilia *che, che*. Jumbe hakukohoa. Mama Siwema alizuia pumzi mpaka macho yakamtoka.

"Ni Mize mimi," ikasema sauti nyembamba kama uzi, na ikafika mpaka kwa mpishi. "Nimekuja."

"Karibu!"

Ndipo mkono ukaondoka mdomoni mwa Vuai, naye akaitikia peke yake, "Karibu!"

Jumbe Kitwana akanyanyuka akijishika kiuno. "Bi Mwanamkasi, imetoka nzima. Sharti limetimia."

"Limetimia," akasema Bi Mwanamkasi. "Kesho mlete mbuzi. Nina ngozi za kuwamba, na ninyi mtanisaidia kuzinyoa manyoya. Zote. Si kidogo tu."

Kule kijijini wamemzika Bi Mwanamkasi zamani sana, na ngoma ya watoto bado inapigwa. Siku ya sikukuu mzazi yeyote akiinuka kumsemea mwanawe, watoto wote humgeukia na kumwuliza masikio amemwachia nani nyumbani. Naye hukaa chini, hata awe Jumbe.

Nanyi mnaonisikiliza, fundisho ni hili: mtoto ukimtakia asikike, mwachie nafasi asikike, kwa maana sauti yako kubwa haimkuzi, inamfunika tu. Hadithi yangu imeishia hapo. Sasa nyamazeni kidogo, tusikie nani ana yake.