Vumbi la Mvule

Mbwa akijikuna, tazama anapolala. Mmeusikia msemo huu, mkauliza ulitoka wapi. Ulitoka kwa seremala aitwaye Matandala.

Mbwa wa Matandala alikuwa akijikuna hadi damu. Jina lake Msumari. Manyoya yalimtoka tumboni na makwapani, ngozi ikawa nyekundu. Matandala alimwogesha kwa dawa ya ng'ombe, akampaka mafuta. Wapi.

Basi akaamua kwamba mkosaji ni Watasema, mbwa jike wa jirani yake, Mama Sijaona.

"Mbwa wako ana ukurutu," alimwambia. "Ameshamwambukiza wangu, na mimi mikono inaniwasha."

"Hana hata kipele, fundi. Njoo umtazame."

Matandala hakwenda kutazama. Alikwenda kushtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi naye hakutazama. Watasema akauawa kwa amri yake, na watoto wake wakafa kwa kukosa maziwa.

Msumari akaendelea kujikuna.

Hapo Matandala alibaki hana wa kumsingizia, ndipo akaanza kuangalia. Mgongo wa mbwa ulikuwa mzima. Kilichobabuka ni tumbo, makwapa na kidevu, yaani kila kinachogusa chini. Ukurutu gani huo unaochagua?

Akapata kazi ya kuezeka kijiji cha pili, akaenda na Msumari. Kule mbwa alilala kwenye nyasi. Kabla paa halijaisha, manyoya yalianza kurudi. Hata mikono ya Matandala ilitulia.

Waliporudi, Msumari aliingia karakanani, akajizungusha, akajilaza pembeni kwenye lundo la vumbi la mbao za mvule. Matandala ndiye aliyelifagilia pale, mbwa apate kitanda laini. Yeye akashika msumeno. Kesho yake wote wawili walikuwa wanajikuna.

Mama Sijaona alikuwa akipita na ndoo. Akaitua, akasimama mlangoni.

"Na wewe unajikuna, fundi. Watasema amekufuata kutoka kaburini?"

Matandala alitazama mikono yake, akamtazama mbwa, akalitazama lile lundo.

"Ni mvule," alisema. "Ni vumbi langu mwenyewe."

"Nilikwambia uje utazame."

Akajitwisha ndoo yake, akaenda.

Matandala alizoa vumbi lote akalitupa mbali, akamtandikia Msumari nyasi kavu. Msumari akapona, ngozi ikawa safi kama zamani.

Mbwa akijikuna, tazama anapolala. Kutotazama kuliondoka na jike mmoja, watoto watatu ambao macho yalikuwa hayajafunguka, na salamu ya asubuhi kutoka uani kwa Mama Sijaona.