Mtamba wa Wiski ya Moshi

Hapo zamani, lakini si zamani ya mababu, maana mabati yalikuwa yameshafika na sukari ilikuwa imeshaanza kupanda bei, palikuwa na mama mmoja huko Lugombo, kwenye miteremko ya baridi. Jina lake Tupokigwe. Alikuwa na watoto wanne, mama mkwe mmoja, shemeji mmoja, na mume aliyekwenda Chunya kuchimba dhahabu. Mpaka wakati huo mume alikuwa ametuma salamu tu.

Ng'ombe hakuwa naye. Yule aliyekuwepo alikula mfuko wa plastiki akafa. Tangu hapo watoto walikunywa chai ya rangi, na migomba nyuma ya nyumba ilizaa ndizi nyembamba kama vidole vya mgonjwa, kwa kukosa samadi. Kila asubuhi Tupokigwe alipomimina chai hiyo alimkumbuka ng'ombe kuliko alivyomkumbuka mume.

Basi, mtu mmoja wa kijiji hicho, Mzee Asajile, akarudi kutoka ng'ambo alikofanya kazi hotelini miaka mingi. Wenzake walirudi na magari. Yeye alirudi na mtambo wa shaba wenye shingo ndefu kama ya bata mzinga, na pipa la mti wa mwaloni. Akasema, "Nitatengeneza wiski. Wiski ya shayiri tupu, safi, nyepesi, inayonukia maua."

Watu wakatazamana. Mzee huyu alikuwa na ugoro puani asubuhi, mchana na jioni. Hayo maua angeyanusa na pua ipi?

Wiski huanza na kimea, na kimea wanawake wa Lugombo hawakuhitaji kufundishwa. Unaloweka nafaka, unaifunika na majani ya mgomba mpaka ichipue, kisha unaikausha upesi kabla haijaoza. Wao walifanya hivyo kwa ulezi. Asajile akamwajiri Tupokigwe afanye hivyo kwa shayiri.

"Mama Bupe," akamwambia, "kimea kikauke juani. Juani tu. Sitaki moshi."

"Juani, mzee."

Jua lenyewe halikutoka. Mvua ilinyesha kama imeajiriwa. Shayiri ikachipua, ikavimba, ikaanza kunata vidoleni. Tupokigwe akainusa, akajua kesho itakuwa chakula cha nguruwe na yeye atakuwa hana kazi. Akamwendea shemeji yake Lwitiko, ambaye Asajile alikuwa amemwajiri kuleta kuni za mtambo.

"Shemeji, kuni kavu ziko wapi?"

"Kuni kavu ziko msituni, shemeji."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi niko hapa, nakuelekeza ziliko."

Lwitiko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukaa. Mwaka uliopita alitaka kujenga banda la kuku, akaona kufyatua matofali ni kazi, akaenda bondeni kwenye tope lile jeusi lililojaa mizizi iliyooza, akalikata vipande kwa jembe, akavianika, akajengea. Banda likasimama vizuri. Halafu siku moja akatupa kipisi cha sigara karibu na ukuta, na banda likafuka moshi wiki nzima bila kuwaka hata ulimi mmoja wa moto. Kuku walihama wenyewe.

"Kuni sina," akasema Lwitiko, akikuna shingo. "Lakini banda ninalo."

Wakalibomoa banda. Vipande vikavu vya udongo ule wakavipeleka jikoni kwa mama mkwe, Bibi Subilaga, kwa kuwa ndiyo nyumba pekee iliyobaki na dari la mianzi juu ya mafiga. Tupokigwe akaipandisha shayiri darini, debe baada ya debe, akatandaza. Lwitiko akawasha, akakohoa, akatoka nje kuangalia kama moshi unatoka vizuri. Hakurudi.

Moshi huo haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa mzito, mtamu kidogo, na ulikaa kama mgeni asiyeaga. Usiku Tupokigwe alipanda kuigeuza shayiri kila kitinda mimba alipokohoa, na kitinda mimba alikohoa sana. Macho yakamvimba. Mtoto wake Bupe akarudishwa kutoka shuleni na swali la mwalimu: "Mama, huyu mtoto mnamsomesha au mnamkausha?"

Bibi Subilaga akaambiwa ahamie chumba kingine.

"Niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi," akasema, akifunga kitambaa puani. "Sitatolewa na banda la kuku."

Akabaki humo na moshi wake, akilalamika kuanzia alfajiri mpaka usingizi.

Kimea kikakauka. Kikawa rangi ya dhahabu chafu, na harufu yake ungeisikia kutoka barabarani.

"Mzee akiuliza?" akasema Tupokigwe.

"Akiuliza," akasema Lwitiko, "jua lilitoka upande wetu."

Asajile akaja, akachota kimea kiganjani, akakipeleka kwenye pua yake iliyojaa ugoro. Akapiga chafya.

"Safi!" akasema. "Nyepesi! Jua hili!"

Akakisaga, akakichachusha, akakichemsha kwenye mtambo wa shaba mpaka mvuke ukageuka matone. Matone akayatia kwenye pipa la mwaloni, akaligonga kifuniko, akalilaza. Pipa likalala miaka mitatu.

Miaka ilipotimia, Asajile akaalika watu. Akamwalika pia mgeni kutoka mjini, Bi Kokushubila, mama mnene mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa kuonjea hoteli kubwa vinywaji. Akisema ndiyo, hoteli zinanunua. Akisema hapana, unarudi kulima viazi. Na kwenye nguzo ya kiwanda chake Asajile akamfunga mtamba mweusi mwenye baka jeupe usoni, mnono, aliyekuwa tayari na mimba.

"Ndugu zangu," akasema, "mgeni huyu akiikubali wiski yangu, mtamba huyu ni wa mtu ambaye bila yeye wiski isingekuwa hivi ilivyo."

Tupokigwe akamtazama mtamba. Mtamba akamtazama Tupokigwe. Moyoni akaanza kuchemsha maziwa.

Asajile akaling'oa kifuniko.

Harufu ikatoka. Mzee mmoja akasimama haraka kutazama kama paa linaungua. Mwingine akasema, "Hiyo ni dawa ya vidonda." Mwingine akasema, "Ni dawa ya vidonda iliyomwagika kwenye kiatu kilichoungua." Mama mmoja akamfunika mwanawe uso kwa khanga.

Asajile akaangalia watu, hakuelewa. Akatia kidole ndani ya pipa, akalamba. Ulimi haukuwa na ugoro. Uso wake ukakunjamana kama karatasi.

Sasa sikilizeni desturi ya Lugombo. Kule pombe hainywewi kabla haijaonjwa mbele za watu, na anayeonja si mwenye chungu wala mwenye fedha. Ni yule ambaye mkono wake ulikishika kimea. Akionja, amesema: hii ni yangu, likimtokea mtu lolote njooni mniulize mimi.

Asajile akajaza glasi, akaiinua.

"Nani alikishika kimea hiki?"

Macho yote yakamgeukia Tupokigwe. Yeye akapiga hesabu upesi, kama mama wa watoto wanne anavyopiga. Akiikubali, na mgeni akasema hapana, basi yeye ndiye aliyemwangusha mzee, na kazi imekwenda. Tena alikuwa mwimbaji wa kwaya, na mchungaji alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Mimi?" akasema. "Mimi niliiloweka shayiri tu. Kuloweka si kukausha. Mambo ya moto aulizwe Lwitiko."

"Mimi?" akasema Lwitiko. "Mimi nilileta tu. Kuleta si kupika. Mchukuzi wa mahindi anaulizwa kwa nini ugali ni mbichi?"

Bi Kokushubila alikuwa akingoja. Kwa heshima ya mahali hakutaka kunywa kabla ya wenyeji. Akatazama saa. Akaanza kufunga mkoba.

Hapo Bibi Subilaga akainuka, mgongo ukilia kama mlango.

"Leteni hapa. Kimea kilikauka kwangu, darini kwangu, kwenye pua yangu. Ni changu."

Akanywa. Yote, kwa mkupuo mmoja, kama dawa ya minyoo. Akafumba macho. Watu wakangoja aanguke. Mtu akasogeza kiti nyuma yake, ili aanguke kwa adabu. Machozi mawili yakamtoka. Akafumbua macho, akainyoosha glasi.

"Imebaki?"

Ndipo mgeni akachukua glasi yake. Akaizungusha, akainusa, akaionja kidogo, akaiacha ikae mdomoni. Akatikisa kichwa.

"Bado kijana," akasema. Asajile akakaa chini. "Ina fujo za ujana, inasukuma mlango kabla ya kubisha hodi. Lakini moshi huu! Moshi, halafu asali ya porini, halafu ganda la chungwa, halafu moshi tena. Wiski safi nyepesi tunazo, zimejaa kabatini. Kama hii sijaionja nchi hii. Nachukua pipa zima, na mwakani nataka ile ile."

"Anasema ina moshi," mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "na amefurahi."

Asajile akasimama tena, akafungua kamba ya mtamba.

"Basi nani alifanya moshi huu?"

Wakasimama watatu kwa pamoja, na miongoni mwao wale wawili waliokuwa wametafuta pa kujificha.

Lwitiko akawahi. "Mzee, mgeni amenunua nini? Moshi. Moshi ulitoka wapi? Kwenye udongo wa bondeni. Udongo uliletwa na nani? Bila mimi hapa pana maji ya shayiri, na kabatini yamejaa."

"Uliukata kwa ajili ya kuku!" akasema Tupokigwe.

"Na kuku waliwahi kukulalamikia?"

"Walihama!"

Kisha Tupokigwe akasema lake. "Mzee, huo udongo ungefuka bandani mpaka leo na asingenywa mtu. Shayiri ilikuwa inaoza mikononi mwangu. Nani alisema tuikaushe ndani? Mimi. Nani aliipandisha darini? Mimi. Nani aliigeuza, macho yamevimba, mtoto mgongoni, wakati mwenzangu anakagua moshi kutoka nje? Bila mimi pasingekuwa na wiski, pangekuwa na nguruwe aliyeshiba."

"Na nani alisema 'aulizwe Lwitiko'?" akauliza Lwitiko. Watu wakacheka, na Tupokigwe akaangalia chini, maana ilikuwa kweli.

Bibi Subilaga hakucheka. "Nyinyi wawili mliitwa mbele za watu, mkaikana. Mtoto ukimkana siku ameiba, usije kudai mahari siku anaolewa. Mgeni alikuwa ameshafunga mkoba. Nani alimfungulia? Bila mimi pipa hili lingemwagwa bondeni, likaungane na tope lake. Mimi nilikunywa. Kama ni sumu, mngezika mmoja tu."

"Mama, kwa heshima yote," akasema Tupokigwe, "ulijua hamna sumu. Ulikaa na kimea hicho nyumba moja. Huo haukuwa ujasiri. Ilikuwa kiu."

"Mkamwana, kiu nilikuwa nayo. Wewe ulikuwa na nini?"

Asajile akainua mkono. "Jamani, si mnakaa ua mmoja? Mchukueni wote watatu."

"Muulize kila mtu anampeleka wapi," akasema Tupokigwe.

Lwitiko alikuwa anampeleka ng'ambo ya kilima, kwa wazazi wa binti waliokuwa wakingoja ng'ombe mmoja tu ili waitwe wakwe. Bibi Subilaga alikuwa anamweka kwa ajili ya msiba wake, achinjwe, watu wale nyama washibe, wasije wakasema alizikwa na maharage. Tupokigwe alikuwa anamkamua.

"Basi akamuliwe kwanza," akasema Asajile, "kisha..."

"Mimi sina muda wa kungoja kisha," akasema Bibi Subilaga.

"Na binti hangoji," akasema Lwitiko.

"Na wanangu wanakua kwa chai ya rangi," akasema Tupokigwe.

Asajile akamgeukia mgeni amsaidie.

"Mimi nanunua wiski," akasema Bi Kokushubila, "sinunui ugomvi. Ila mwakani iwe ile ile."

Hapo Lwitiko akasema bila mtamba yeye hakati tena udongo, na bonde lilikuwa la baba yake. Tupokigwe akasema bila mtamba yeye hagusi tena kimea, atafutwe mwanamke mwingine mwenye macho ya kuchezea. Bibi Subilaga akasema bila mtamba dari lake litakaa mahindi, kama madari ya watu wenye akili.

Asajile akabaki katikati ya uwanja na kamba mkononi. Mtamba akanya taratibu, samadi nzuri, na Tupokigwe akaitazama ikipotea bure kwenye majani ya kiwanda.

Haya, nyinyi mnaosikiliza huku sufuria zenu zikiungua jikoni. Mmoja alileta moshi kwa uvivu. Mmoja aliutia kwenye nafaka kwa jasho, kisha akaukana kwa hofu. Mmoja hakubeba wala hakugeuza, lakini aliinuka wakati wote wamekaa. Mwambieni mzee wa watu, amechoka kusimama: kamba hiyo aiweke mkononi mwa nani?