Fimbo Iliyosema Karibu

Katika mji wa Shangama, uliojengwa kwa mawe meupe na kuzungukwa na mikarafuu, alitawala Sultani Mfaume bin Sabaa, mtu mkarimu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kujisifu. Mkereza wake wa mbao alikuwa Mbaruku bin Suwedi, na jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwa Mbaruku, kabla ya maajabu haya, ni kwamba mkewe Mwanakheri alikuwa akikuna nazi, akainuka, na akaitikisa mbuzi kwa mguu.

"Huyu mbuzi wako anachechemea," alisema. "Watu wakisikia mke wa fundi anakalia mbuzi kilema, watasema nini?"

"Watasema achinjwe."

"Kwa kisu gani? Vyombo vyako vyote viko kwa Sultani."

"Kesho asubuhi nitamtia mguu mpya."

"Kesho yako naijua," alisema Mwanakheri, na akacheka, na akaketi tena akaendelea kukuna.

Jioni ile homa ikampanda, na kesho ilipofika watu walikuwa wanateka maji ya kumwosha, kutoka kisima cha maji matamu kilicho katikati ya mji.

Mbaruku aliiegemeza mbuzi ile ukutani na hakuigusa tena. Lakini desturi moja haikumtoka. Maisha yao yote, kila aliporudi kazini alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, na mkewe alimwitikia kutoka uani, "Karibu ndani, mwenye mikono ya vumbi." Baada ya matanga aliendelea kubisha, na kila alipobisha alikumbuka, na kila alipokumbuka alisimama kidogo kabla ya kusukuma mlango.

Ikawa katika siku hizo mfanyabiashara mmoja aliwasili barazani kwa Sultani, amevaa joho jeusi, na waliomtazama kwa makini waliona kwamba kivuli chake kinaelekea jua. Alikuwa Kamtari, mfalme wa majini wa Kilima cha Mpingo. Naye Sultani alikuwa na mchezo aliopenda kuliko chakula, mchezo wa tufe za pembe za ndovu zinazosukumwa kwa fimbo ndefu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, mpaka ziangukie mifukoni kwenye pembe za meza. Alikuwa na sanduku lililojaa fimbo za kupendeza, za msandali unaonukia, za pembe tupu, za abunusi zilizopambwa kwa fedha, na zote aliwaonyesha wageni. Basi akajisifu mbele ya mgeni huyu kwamba hakuna mwenye fimbo kama zake wala mkono kama wake, na kwa kujisifu huko akaweka dau kisima cha mji.

Alipocheza, fimbo ya msandali ikapinda kwa unyevu wa hewa, ile ya abunusi ikawa nzito kama mchi, na ya pembe ikamteleza mkononi. Kamtari akashinda.

"Ewe Sultani," alisema yule jini, na sauti yake ikazitikisa taa, "fimbo zako ni nzuri, ila hazichezeki. Nakupa mchezo wa pili mwezi utakapoandama, nisije nikaambiwa nimemshinda mtu asiye na silaha. Ukishindwa tena, kisima nakibeba."

Sultani akatuma watumishi wenye mashoka waende Kilima cha Mpingo, kwa kuwa hapakuwa na mti mzito na mnyofu kama wa huko. Wakarudi na mashoka yaliyoyeyuka kama nta. Ndipo Mbaruku alipoitwa.

"Fundi wangu," alisema Sultani, "sitaki uniletee fimbo nzuri. Niletee inayochezeka. Mji huu utakunywa au hautakunywa kwa mikono yako."

"Nimesikia, Maulana," alisema Mbaruku, na akachukua tezo lake akaondoka.

Alipofika chini ya kilima alimkuta kigong'ota mwenye kichwa chekundu anagonga shina. Ndege yule akageuza shingo na kusema kwa lugha ya watu, "Na wewe umekuja na shoka?"

"Nimekuja na tezo. Lakini sijagusa kitu."

"Afadhali. Wenzako waliingia kama wako chooni kwao. Mimi hapa nimezaliwa, na bado nabisha kabla ya kutoboa. Bisha!"

Mbaruku akagonga mti wa kwanza kwa kifundo cha kidole, akasema hodi, na akaweka sikio. Mti ukajibu *bu*, na akajua kwamba ndani umeoza. Akagonga mwingine, ukajibu kwa sauti iliyofifia, na akajua kwamba bado mbichi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akichagua mbao siku zote, kwa kuzigonga na kuzisikiliza, na kigong'ota akamfuata tawi kwa tawi akimkosoa.

"Hodi gani hiyo? Ya mtu anayeogopa kufunguliwa!"

Kileleni palisimama mpingo uliokauka ukiwa wima, hauna jani, na pale ganda lilipobanduka mbao zake za nje zilikuwa na rangi ya siagi, na moyo wake ulioonekana kwenye ufa ulikuwa mweusi wa kung'aa kama jicho. Mbaruku akaugonga. Ukalia kama bilauri iliyoguswa na kijiko, na mlio ule ukapanda angani na ndege wote wakanyamaza.

"Hodi," alisema.

"Karibu ndani, mwenye mikono ya vumbi."

Akaketi chini penye mizizi. Alimuuliza ndege, "Nani yuko humu?"

"Hayumo mtu," kigong'ota alisema, na safari hii hakufanya mzaha. "Karibu inayosemwa kwa moyo haipotei. Huja kukaa katika mti huu, na ndiyo inayounyoosha. Njoo kila siku ubishe, nao utakuitikia kila siku. Ukiukata, utasema mara moja tu, kwa atakayepiga tufe ya kwanza, kisha basi."

Mbaruku alikaa pale mpaka jua likahama upande. Alibisha tena, na akaitikiwa tena, na akalia. Kisha akakumbuka maji yaliyomwosha Mwanakheri, na ndoo za wanawake zilizojipanga kisimani.

"Umekaribishwa," kigong'ota alisema taratibu, "na bado umesimama mlangoni."

Mbaruku akasema bismillahi, akanyanyua tezo, nalo halikuyeyuka.

Kutoka katika mbao nyeupe za mti ule akatoa sehemu ya mbele ya fimbo, nyepesi kama tete. Kutoka katika moyo mweusi akatoa sehemu ya kushikia, nzito kwa kiasi. Akaziunganisha kwa meno yaliyoingiana kama vidole vya mikono miwili, akaikereza, akaisugua kwa majani ya msasa mpaka mshono ukawa hauonekani kwa macho wala kwa kucha, na nchani akabandika kipande cha ngozi ya kiboko. Na ni sharti la kazi ile kwamba fundi aijaribu fimbo kabla ya kuitoa. Mbaruku akaweka tufe mbele yake, akainama, akalenga. Kisha akanyanyuka. Akaifunga fimbo katika kanga ya mkewe na akaenda nayo barazani.

"Umeijaribu?" Sultani akamuuliza.

"Sijaijaribu, Maulana."

Mawaziri wakacheka. "Fundi kaleta mchi wa kutwangia!" alisema mmoja. Lakini Kamtari hakucheka. Aliinusa hewa, na macho yake yakawa kama makaa.

"Huu ni mti wa msituni kwangu. Katika sheria yetu mwizi wa mbao hukatwa mikono, na mji uliomtuma ni wangu bila mchezo."

Sultani akashika kiti chake kwa mikono yote miwili.

"Sikuiba, bwana," Mbaruku alisema. "Nilibisha hodi, nikakaribishwa."

"Nani alikukaribisha? Mimi sikuwapo."

"Fimbo itasema, ikipigwa."

"Basi piga wewe," alisema Kamtari, "wewe uliyekaribishwa."

Mbaruku akaichukua. Akaitazama kwa muda ambao watu waliuona mrefu, kisha akainama juu ya kitambaa cha kijani, akavuta pumzi, na akapiga. Tufe ikaenda moja kwa moja ikaangukia mfukoni, na kutoka ndani ya fimbo sauti ya mwanamke ikasema, kwa furaha ya mtu aliye uani na kazi zake:

"Karibu ndani, mwenye mikono ya vumbi."

Watu wote wakaitazama mikono ya Mbaruku. Ilikuwa na vumbi, jeupe na jeusi, kwenye mistari ya viganja. Naye Kamtari akavua kilemba na kuinamisha kichwa, maana hata majini hawamshtaki mtu aliyeitikiwa hodi.

Wakacheza, na fimbo ile ikafuata macho ya Sultani kana kwamba ni kidole chake, na Kamtari akashindwa, akaondoka kama moshi, na kisima kikabaki.

Sultani akashuka kitini. "Fundi Mbaruku, nyumba iliyo kando ya kisima ni yako. Na mpwa wangu ni mjane mwenye heshima. Ukimtaka nitakuoza leo, kwa ngoma na karamu."

"Mungu akuweke, Maulana. Nyumba nimeipokea. Lakini harusi siiwezi, nina ahadi nyumbani, na ilikuwa ya asubuhi. Naomba tu kile kipande cha mpingo kilichobaki nilipoichonga fimbo."

Sultani hakuelewa, lakini alimpa. Kisha akafungua sanduku la fimbo zake, akazigawa kwa vijana wa mji wazichezee mpaka zikatike. Na waliosimulia habari hii waliwausia watoto wao kwamba kitu cha thamani kinachofungiwa kisitumike ni sawa na kitu kisichokuwapo.

Kesho yake asubuhi Mbaruku aliitoa mbuzi ukutani, akaitia mguu mpya wa mpingo, akavunja nazi, na akaketi kukuna. Haikuchechemea.