Digidigi na Kigari Kilichonusa Petroli

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na barabara zilipopita mpaka vichakani, aliishi mzee Digidigi. Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee, Sikudhani, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima. Digidigi akabaki na ukimya. Akitoka shambani alipiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, kisha akajijibu, "Karibu," ili tu nyumba isikie sauti.

Siku moja Korongo alipita na habari kwamba Sikudhani amejifungua.

"Anauliza utakuja lini," Korongo alisema.

"Mwambie karibuni," Digidigi akajibu. Lakini miguu yake ilikuwa ya kizee, na mlima ule ulikuwa na fisi.

Jirani yake alikuwa Kifaru, mwenye gari kubwa lililonguruma mpaka sufuria za watu zikatikisika.

"Jirani, nipeleke nikamwone mjukuu wangu," Digidigi alimwomba.

"Jaza tangi, nikupeleke."

Digidigi akauza karanga zake zote za msimu ule, akajaza tangi. Wakaondoka, ngurrr, ngurrr. Kabla hawajafika hata chini ya mlima, gari likakohoa, kho, kho, likazimika. Petroli ilikuwa imekwisha.

"Gari langu lina kiu, ndivyo lilivyo," Kifaru alisema. "Mwakani lete karanga nyingine."

Wakarudi kwa miguu, Kifaru mbele, Digidigi nyuma. Mwakani mtoto atakuwa anatembea, Digidigi aliwaza.

Kesho yake akaenda kwa Kima, muuza magari. Nyuma ya magari makubwa palikuwa na kigari kimoja kidogo kama tenga la kuku.

"Hiki kinakunywaje?" Digidigi aliuliza.

"Hakinywi, mzee. Kinanusa tu," Kima alisema. "Ila bei yake si ndogo. Nipe lile shamba lako la mtoni."

Digidigi akakizunguka kigari mara mbili. Shamba lile alilifyeka pamoja na mkewe, wangali vijana. Mwishowe akakubali.

Majirani walimcheka. "Shamba zima kwa kopo la maziwa?" Nyati alisema. "Kwa bei hiyo ungepata gari la heshima."

Nungunungu hakucheka. Aliuliza tu, "Na chakula, mzee mwenzangu, utalima wapi?" Swali hilo lilimuuma Digidigi.

Tena bahati haikuwa yake. Kabla hajasafiri, petroli ikaadimika nchi nzima. Kigari kikakaa uani, kikavu. Kila asubuhi Digidigi alikifuta vumbi, akaingia, akashika usukani, akatazama mlima. Halafu akashuka, akaingia ndani.

Asubuhi moja, mwaka na zaidi ukiwa umepita, Kifaru akaja na dumu la petroli.

"Gari langu likinywa dumu hili halifiki hata sokoni," alisema. "Kigari chako kitanifikisha mbali. Nipe ufunguo."

"Ni changu, jirani."

Kifaru akainamisha kichwa mpaka pembe ikagusa kifua cha Digidigi. "Nimesema nipe ufunguo."

Digidigi akaitazama pembe, akalitazama dumu, kisha akalitazama tope lililokauka mwilini mwa Kifaru.

"Ufunguo utaupata," alisema kwa upole. "Kwanza tutie petroli, kisije kikagoma."

Bwi, bwi, bwi, dumu likaisha. Kifaru akajaribu kuingia. Kichwa kikapita, mabega yakakataa. Kigari kikalia, kwiii.

"Ni hilo tope, Bwana Kifaru. Limekunenepesha. Nenda mtoni ukajisugue vizuri, ukirudi utaingia bila taabu."

"Una hakika?"

"Umewahi kuniona mimi na tope? Na mimi si naingia?"

Kifaru akafikiri, akaona maneno hayo yana maana. Akaenda mtoni, pu, pu, pu.

Digidigi alingoja mpaka aliposikia maji yakilia chubwi. Hapo akapanda. Ng'i-ng'i-ng'i, prrr, akaondoka.

Kifaru aliporudi, ameng'aa kama sahani, alikuta alama nyembamba za magurudumu mchangani. Akakaa pale uani peke yake, hana wa kumlalamikia.

Digidigi naye alikuwa peke yake njia nzima. Alipopita mahali gari la Kifaru lilipozimika, aligeuka amwambie mtu, akakuta kiti kitupu. Kigari kikapanda mlima polepole, na mshale wa petroli ukashuka kidogo tu.

Sikudhani alikuwa anatwanga. Alipomwona, mchi ukamtoka mkononi.

"Baba?"

Mtoto alijificha nyuma ya mama yake, kwa kuwa hakumjua babu. Digidigi hakumwita. Alikaa chini, akatulia, kama aliyezoea kungoja. Baada ya muda mrefu mtoto akasogea, akamnusa mkono, akabaki hapo.

"Kigari hiki umekipataje, baba?" Sikudhani aliuliza.

"Nimetoa shamba la mtoni."

Sikudhani akatokwa na machozi. "Shamba la mama? Kwa kigari hiki ambacho hata mbuzi hakai ndani?"

"Mwanangu," Digidigi alisema, "shamba lile nimelipalilia miaka yote ile, na halikuwahi hata mara moja kuniita baba."

Sikudhani akafuta macho, akaenda kuongeza unga kwenye chungu.

Nami nimewafikisha, wanangu, chukueni neno hili: gari lenye thamani ni lile linalokufikisha kwa anayekungoja.